Vile Alikuwa Anakaa

Mimi sikupenda mpira, na nalisema mapema ili nisidhaniwe mshabiki. Mpira ulinifuata nyumbani, kwenye baraza ya baba pale Kamembe, ambako alikuwa na cherehani zake na benchi moja refu la wateja. Wateja walikuwa wachache miaka ile. Benchi lilikaliwa na wanaume waliokuja kila siku baada ya alasiri bila hata kipande cha nguo cha kushonesha, wakakaa mpaka magharibi wakikumbuka timu moja ya Bukavu ambayo wakati huo hata uwanja haikuwa nao.

Bukavu, upande wa Kongo, tunaiona kutoka kwetu. Kabla ya vita watu walivuka daraja la Rusizi Jumapili mchana, wakaangalia mechi, wakarudi kula chakula cha jioni majumbani mwao. Nusu ya wanaume wale walizaliwa huko, watoto wa wakimbizi wa zamani, wakarudi Rwanda baada ya mwaka ule wa mauaji. Nusu nyingine walikuwa wa hapa hapa, Waislamu wa Kamembe kama sisi, mafundi na wachuuzi. Mambo mengi hawakuweza kuyazungumza pamoja bila mmoja wao kuinamisha kichwa. Timu waliweza.

Lakini hata kwenye timu kulikuwa na mahali pa kuumia. Siku moja mmoja wao alimsifu mshambuliaji mkubwa, yule ambaye hata akina mama wa sokoni walimjua. Mwenzake, mmoja wa wale waliorudi, akauliza taratibu kama tunajua mshambuliaji huyo alikuwa wapi mwaka ule, na alikuwa pamoja na nani. Akachukua kofia yake akaondoka, na kwa muda mrefu benchi likawa na watu wa upande mmoja tu. Aliporudi, baba aliweka sheria akiwa ameshika mkasi. Alisema kwenye baraza yake wachezaji wakubwa hawatajwi tena, maana kila mtu anajua walikoishia na walisimama na nani. Atakayetaka kukumbuka timu akumbuke wa benchi, wale ambao hata zamani hakuna aliyewatazama.

Wakatii. Na mimi niliyekuwa nikishona vifungo pembeni nikalazimika kuwajua wachezaji ambao nadhani hata mama zao walikuwa wamewasahau. Kulikuwa na winga aliyeingia uwanjani na viatu vyake akiwa amevivaa kushoto kulia, kulia kushoto, akacheza hivyo mpaka filimbi. Kulikuwa na kiungo aliyeogopa mvua. Kulikuwa na mmoja aliyepasha mwili kandokando ya uwanja kwa bidii nyingi, hata kocha alipomwita alikuwa hawezi kupumua. Majina yao siyataji, baadhi yao wana watoto. Wanaume wazima walicheka mpaka wakajifuta machozi, nami nikawa najiuliza kama hawana wake wa kuwatuma sokoni.

Walikuwa na lugha yao pia, waliyoichukua kwa wachezaji wenyewe. Mchezaji aliyenyimwa nafasi hawakusema ameachwa. Walisema amezikwa. Kocha huyu alimzika fulani, msimu ule walizikwa wote. Akipewa dakika chache mwishoni, amefufuka. Neno hilo lilinikera. Kwenye milima yetu watu walikuwa bado wanafukuliwa mashimoni ili wazikwe upya kwa heshima, na hawa wamekaa na chai yao wanazikana kwa utani. Nilimwambia baba awakataze. Baba alisema niwaache, labda ndivyo wanavyolizoea.

Mmoja wa hao waliozikwa alikuwa kaka yangu.

Alikuwa beki wa kushoto, na mbele yake palikuwa na beki mwingine ambaye hakuwahi kuugua hata mafua. Kaka aliishi Bukavu kwa mjomba, akijifunza ufundi wa magari, na Jumapili alivaa jezi akakaa. Alioa huko, msichana mwembamba, mpole wa sauti lakini si mpole wa akili. Vita ya pili ya Kongo ilipoanza timu ilikuwa imekwenda Uvira kwa mechi ya kirafiki. Barabara ikafungwa. Wifi yangu alivuka daraja akiwa na sanduku moja, akaja kwetu kumngojea mumewe, kwa sababu huku kulikuwa na utulivu zaidi na kwa sababu kaka angejua pa kumtafuta.

Alingoja. Baba alimpa pasi ya makaa, akawa ananyoosha nguo zilizokwisha kushonwa, kwenye meza iliyokuwa karibu kabisa na benchi la wale wanaume. Hivyo akayajua yote: winga, mvua, kuzikwa, kufufuka. Visa vilipofika kwa kaka waliongea kwa uangalifu, na yeye aliinamisha uso juu ya shati akatabasamu. Kaka yangu hakuwa na kisa kikubwa. Walichokuwa nacho ni kwamba alikuwa mwema na alizikwa kila Jumapili.

Miezi ikapita, ukapita na mwaka. Mama yake wifi alituma watu kutoka Bukavu wamrudishe, baba akawajibu kwamba ana mume na anamngoja mume. Msikitini wanawake waliniuliza mimi, maana yeye hawakuthubutu kumwuliza: je, huyu ni mke au ni mjane? Nilikuwa nikiwajibu vibaya. Ukweli ni kwamba hata mimi usiku wa kuamkia Idi nilimwangalia akipaka hina, nikajiuliza anampakia nani. Hilo ndilo lililotukaa moyoni nyumba nzima. Mtu aliye kati ya mke na mjane hana la kufanya, hawezi kulia wala kucheka sawasawa.

Kisha akaja yule mama wa mchele.

Alikuwa mchuuzi wa kutoka Bugarama, mteja wa baba wa siku nyingi, kaja kupunguziwa gauni. Akasema kwamba kule Ruhwa, mpakani na Burundi, amekutana na kijana mrefu anayebeba mizigo siku za soko, na alipomwambia kwamba anakwenda Kamembe, kijana alimpa ujumbe. Yule mama alikuwa ameukariri njiani asiupoteze. Akasimama mbele ya cherehani ya baba akausema kama alivyopewa:

"Alisema: bambie kwa fundi, pale barazani, ule beki wa kushoto tulimuzika kule juu ya Uvira."

Benchi zima likamgeukia. Halafu mmoja wa wale wanaume akapiga paja lake akaanza kucheka. Kijana mrefu, alisema, hawezi kuwa mwingine ila kipa wa pili, naye wa benchi tangu kuzaliwa kwake, na nani mwingine duniani angejua kutuma salamu kwa lugha ile. Basi kaka yuko hai. Yuko juu ya Uvira, kuna timu huko, na hata huko wamemnyima nafasi. Wote wakacheka, wakapeana mikono. Mama alitoka ndani, akaelezwa, akakaa chini sakafuni na kumshukuru Mungu. Baba alizima redio, akawasha tena, hakujua afanye nini na mikono yake. Na mimi, niliyelichukia neno lile, siku hiyo nililipenda. Nilitaka liwe la utani. Nilikuwa tayari kumbusu kila mzembe aliyekuwa kwenye lile benchi.

Wifi yangu aliisimamisha pasi wima. Akamgeukia yule mama wa mchele.

"Maman, ule muntu alikuambia hivi, alikuwa anacheka?"

Yule mama alifikiri. Alijibu kwamba jua lilikuwa kali, kijana alikuwa na gunia begani, uso wake hakuuona.

Mama alikaanga mandazi akawagawia majirani. Habari ilifika msikitini kabla ya swala ya magharibi. Kwa siku kadhaa nyumba yetu ilichangamka kuliko ilivyochangamka tangu mwaka ule, na wanaume wa benchi wakawa wanapanga watakavyompokea, watakavyomwambia kwamba hata vita haikumpatia namba. Wifi alipiga pasi, akala, akajibu alipoulizwa. Lakini niliona kwamba anapofika kwenye kola anarudia rudia mahali pamoja, na shati moja la mteja likaungua.

Siku ya soko ilipokaribia alimwomba baba ruhusa ya kwenda Ruhwa. Baba hakutaka. Alisema njia haina usalama, alisema habari tumeshaipata, tena njema, ya nini kuichokonoa. Nilimwangalia baba nikaona kwamba anaogopa, na nikajua kwamba tangu siku ile yeye pia anajiuliza swali lile lile. Nikasema nitakwenda naye. Baba akaendesha cherehani bila nguo chini ya sindano, halafu akasema haya, nendeni.

Tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa likirudi Bugarama kuchukua saruji. Unashuka, unashuka, na joto linakupanda, mpaka unafika chini kwenye mashamba ya mpunga ukiwa umeshaufungua ushungi. Tulimkuta yule mama wa mchele, akatupeleka Ruhwa mwenyewe. Njiani wifi hakusema lolote. Mimi nilisema sana, kama kawaida yangu ninapoogopa. Nilimwambia kwamba kipa huyu nitamkaripia, kwamba ujumbe wa namna ile hautumwi kwa mtu mwenye mke, kwamba kaka naye nitamshika masikio.

Soko lilikuwa dogo siku hizo, na watu walinunua wakitazama nyuma, maana upande wa pili nako kulikuwa na vita yao. Yule mama akatuonyesha kwa kidole. Kijana mrefu alikuwa akishusha gunia kwenye baiskeli. Alipogeuka akamwona wifi alimtambua mara moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyemshikia mwavuli siku ya harusi. Aliliweka gunia chini. Kisha akaifuta mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma, polepole, kabla ya kuja kusalimia. Hapo mimi nilijua. Mtu anayekuja kufanya utani haifuti mikono namna ile.

"Shemeji," alisema.

"Ulituma neno," wifi akamwambia.

"Nilituma."

"Ulikuwa unacheka?"

Hakuelewa. Alituangalia mmoja mmoja, mimi, wifi, yule mama wa mchele. Ndipo nilipomweleza. Nilimwambia kwamba kwenye baraza yetu kuzikwa ni kukaa benchi, kwamba wamecheka, kwamba mama amegawa mandazi mtaa mzima. Nilivyokuwa nasema uso wake ulibadilika, akakaa juu ya gunia lake.

"Nilisahau," alisema. "Tulikuwa tunaichezea ile neno, kweli. Nilisahau kama kulikuwa utani." Halafu akamwangalia wifi. "Shemeji, miye njo nilimuzika. Na hii mikono."

Tulikaa naye chini ya turubai la muuza chumvi. Alituambia kwamba risasi zilipoanza Uvira walipanda milimani na watu wengine, kila mtu na alichoshika. Walikaa huko muda mrefu, wakihama hama. Kaka alishikwa na homa. Hakukuwa na dawa, hakukuwa hata na sukari ya kumtilia kwenye maji. Alikufa asubuhi, amelala kama mtu aliyechoka. Kipa alichimba kwa jembe la kuazima. Kaka alikuwa amemwagiza alazwe kwa ubavu wa kulia, uso uelekee kaskazini, akamwonyesha kwa kulitazama jua, naye akafanya hivyo.

"Sala zenu sikuzijua," alisema. "Nilisema ya kwetu. Mutanisamehe."

Wifi alimwambia asiombe msamaha. Akamwuliza ilikuwa mwezi gani. Kipa hakuwa na kalenda milimani, lakini alikumbuka kwamba kaka alikuwa akisema ni Ramadhani, na kwamba anafunga bila kupenda, maana chakula chenyewe hakipo. Si Ramadhani hii iliyopita. Ile ya kabla yake.

Nilimwona wifi yangu akihesabu. Sikuelewa anahesabu nini. Nilidhani anahesabu muda aliongoja.

Sina haja ya kueleza tulivyorudi, wala mama alivyolia, wala wale majirani waliokula mandazi walivyokuja tena, safari hii wakiwa wamefunika vichwa. Sheikh alikuja akasoma dua. Walipomaliza, wifi, akiwa nyuma ya pazia, aliomba sheikh aulizwe juu ya eda, ataanza lini kukaa. Sheikh alikuwa mtu mwenye huruma. Alikohoa, akauliza tena mwezi wa kifo. Kisha akasema eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku habari ilipofika. Yake ilikuwa imeshakwisha zamani. Hadaiwi kitu. Yuko huru kurudi kwa wazazi wake, huru hata kuolewa, tangu mwaka jana.



"Imekwisha nikifanya nini?" wifi akauliza.

Jibu mimi nililijua. Ilikwisha akinyoosha mashati. Ilikwisha akiwa na kitenge kipya cha Idi, mikononi ana hina, akitabasamu pembeni ya lile benchi wakati wanaume wanamzika mumewe kwa mara ya ngapi sijui. Alikuwa mjane, akaumaliza ujane, na hakuna aliyempa pole. Niliwahi kukasirika maishani, lakini hasira ya siku ile sikujua pa kuipeleka. Siwezi kumkasirikia sheikh kwa kusema sheria, wala kipa kwa kusema ukweli. Nilimkasirikia yule beki mwingine ambaye hakuugua hata mafua.

"Nitakaa," wifi alisema.

Sheikh alimweleza tena, kwa upole, kwamba halazimiki. Wifi alisema amesikia. Baba akaingilia, akasema mwache mtoto akae. Basi akavua hereni, akafunga nguo nyeupe, akakaa katika chumba kinachopakana na baraza, mgongo ukutani, chini ya dirisha lenye ubao badala ya kioo. Kazi ya pasi nikaichukua mimi.

Wanaume wale walirudi baada ya matanga. Hawakuwa na pengine pa kwenda. Lakini hawakuwa tena na la kusema. Wakubwa hawatajwi. Wa benchi nao, ukianza tu kisa cha mmoja wao unajikuta unaelekea kwenye neno lile, na lile neno hakuna aliyeweza kulitoa mdomoni. Yule aliyepiga paja akacheka ndiye aliyekuwa hoi zaidi. Alikuja, akakaa mwishoni, akatazama viatu vyake. Chai ilipoa. Ilisikika cherehani ya baba peke yake, na mimi nilifurahi, nitasema ukweli. Nikaona wanastahili.

Ilikuwa hivyo siku nyingi. Halafu alasiri moja dirisha liligongwa kutoka ndani. Mwanamke wa eda haongei ovyo na wanaume, nao walishtuka, mmoja akasimama kabisa.

"Mbona hamusemi?" sauti ya wifi ikatoka kwenye ubao. "Mimi uwanjani sikufikaka. Museme vile alikuwa."

Wakatazamana. Yule wa kofia, yule aliyewahi kuondoka na kurudi, akajibu kwa adabu kwamba, Maman, hakuna la kusema, mumewe hakupata kucheza, hakuna aliyemwona akicheza. Alikuwa amekaa tu.

"Basi museme vile alikuwa anakaa."

Baba aliacha kukanyaga cherehani. Aliyeanza ni yule aliyepiga paja siku ile, akiongea na viatu vyake. Alisema alikuwa akikaa mwisho kabisa, upande wa chupa za maji, awapatie wenzake bila kuwavuka miguu. Mwingine akasema ndiyo, na soksi alizivuta mpaka magotini tangu mwanzo wa mechi, asije akaitwa zikiwa chini. Wa kofia akasema hakuwa akilaumu wenzake kama wa benchi wengine, na timu ikifunga alisimama wa kwanza, akakaa wa mwisho. Baba akasema jezi ile aliishona yeye, na kila Jumapili jioni mwanawe alipovuka daraja kuja nyumbani ilirudi safi, na mama akaifua hivyo hivyo. Halafu mmoja akakumbuka mikono. Alisema alikuwa akiikalia. Aliingiza viganja chini ya mapaja, akaegemea mbele kidogo, akawa hivyo mechi nzima, baridi au joto.

Wakakubaliana wote kwamba ni kweli, ndivyo alivyokaa.

Niliingia ndani kumpelekea wifi uji. Alikuwa pale pale sakafuni, chini ya dirisha, akisikiliza, na mikono yake ilikuwa chini ya mapaja. Nikauweka uji karibu naye, nikatoka, maana niliona hana mkono wa kuupokea.